Umechaguliwa vyuo viwili vya biashara: namna ya kuamua uthibitishe kipi

Majina yakishatoka, kijana wa Zanzibar aliyeomba shahada ya biashara mara nyingi hujikuta na nafasi mbili mkononi, moja Unguja na moja Bara. Siku za kuthibitisha ni chache na nyumbani kila mtu ana neno lake. Baba anataka chuo chenye jina, mama hataki mtoto avuke bahari, kaka aliyesoma Dar es Salaam anasifia alikosoma yeye. Wote wanazungumzia chuo. Lakini unapothibitisha unachukua programu moja, kwenye kampasi moja, kwa mihula sita, na hayo matatu ndiyo yanayoamua utatoka na nini. Kwa hiyo tuanze na programu, tuje kwenye kampasi na pesa, kisha tumalize na kuthibitisha kwenyewe, maana hapo pia watu hupoteza nafasi.

Kwanza toa kisichofaa

Fungua Mwongozo wa Udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) wa mwaka huu. Uko kwenye tovuti ya Tume bila malipo. TCU inasimamia vyuo vikuu vya Bara na vya Zanzibar, kwa hiyo Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) na Chuo Kikuu cha Zanzibar cha Tunguu vimo humo sawa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au Mzumbe. Tafuta programu yako kama ilivyoandikwa kwenye barua ya udahili, neno kwa neno. Kila programu ina namba yake ya utambulisho, muda wa masomo, idadi ya nafasi na sifa za kuingilia. Ukiikosa, usithibitishe mpaka chuo kikupe maelezo ya maandishi. Chuo kutambuliwa ni jambo moja na programu kuidhinishwa ni jengine, na mkopo nao hautoki kwa programu isiyoidhinishwa.

Kisha hesabu pointi zako mwenyewe. Kwa aliyemaliza kidato cha sita, kima cha chini ni kufaulu masomo mawili ya prinsipali yenye jumla ya pointi 4.0, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. D mbili zinatosha, C na E zinatosha, E mbili hazitoshi, na S si prinsipali. Aliyepitia diploma anahitaji GPA isiyopungua 3.0 pamoja na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, na kabla ya kuomba lazima awe na namba ya uhakiki wa tunzo, ile AVN inayotolewa na NACTVET, yaani Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi.

Hicho ni kima cha Tume. Juu yake kila programu ina masharti yake, na kwenye biashara mitego ni miwili. Wa kwanza ni hesabati: programu nyingi za uhasibu, fedha na uchumi zinataka ufaulu wa Hesabati kidato cha nne, au hesabati ya ziada kidato cha sita kwa asiyeichukua kama prinsipali. Wa pili unawagusa sana vijana wa skuli zetu: orodha ya masomo yanayohesabiwa mara nyingi haina somo la dini. Mwenye prinsipali mbili ambazo moja ni Elimu ya Dini ya Kiislamu asome sharti hilo mara mbili. Usiseme mfumo umeshanipokea, basi yamekwisha. Vyeti vinakaguliwa tena siku ya kujisajili, na anayegundulika siku hiyo ameshalipa nauli ya boti na kodi ya chumba.

Ukiwa umechaguliwa taasisi kama Chuo cha Usimamizi wa Fedha (IFM), kilichoanzishwa 1972, au Chuo cha Elimu ya Biashara (CBE) cha 1965, utasikia mzee akisema hicho si chuo kikuu. Ni kweli, viko chini ya NACTVET na ngazi zao zinahesabiwa kwa NTA, yaani tuzo za taifa za ufundi, lakini shahada yao ya ngazi ya 8 ni shahada kamili. Kwenye uhasibu na fedha wapo waajiri wanaoipendelea kwa kuwa inaelekea kazini moja kwa moja. Usiikatae kwa sababu ya neno lililoandikwa getini.

Soma orodha ya masomo, usisome jina la shahada

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi kuliko pengine popote. Pakua prospektasi za vyuo vyote viwili, chapa kurasa za programu yako tu, uzitandaze mezani bega kwa bega. Shahada ya miaka mitatu ina krediti zisizopungua 360, na krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, mihadhara na kujisomea vikiwemo. Somo la krediti 12 basi ni saa 120 za maisha yako. Chukua kalamu za rangi: nyekundu kwa uhasibu na fedha, buluu kwa hesabati na takwimu, kijani kwa sheria na kodi, nyeusi kwa masomo ya jumla kama stadi za mawasiliano na maendeleo. Piga mstari, kisha jumlisha krediti za kila rangi.

Matokeo huwashangaza wengi. Shahada ya Usimamizi wa Biashara ya chuo kimoja inaweza kuwa na masomo matatu tu ya uhasibu, na ya chuo chengine ikawa na manane. Jina ni lile lile. Anayetaka kuwa mhasibu atafute mnyororo mzima: uhasibu wa fedha wa mwanzo na wa kati, uhasibu wa gharama, uhasibu wa menejimenti, ukaguzi wa hesabu, kodi, uhasibu wa sekta ya umma, na utayarishaji wa taarifa za fedha za makampuni. Kiungo kimoja kikikosekana utakuja kukijaza baadaye kwa pesa yako, kwenye mitihani ya NBAA, yaani Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, ambayo hufanyika Mei na Novemba kila mwaka. Mwenye shahada ya uhasibu huanzia ngazi ya juu zaidi kwenye njia ya CPA, yaani cheti cha mhasibu aliyesajiliwa, kuliko mwenye shahada nyengine, na misamaha ya mitihani inaangalia masomo uliyosoma. Andikia bodi kabla ya kuthibitisha, uwaulize shahada ya chuo hiki na ya chuo kile zinaanzia wapi. Ni barua pepe moja. Kwa ununuzi na ugavi, waulize PSPTB, bodi ya wataalamu wa fani hiyo.

Angalia pia mchepuo unachaguliwa mwaka gani. Vyuo vyengine hukuingiza kwenye uhasibu, masoko au rasilimali watu tangu siku ya kwanza. Vyengine vinakupa mwaka mmoja au miwili ya masomo ya pamoja ndipo uchague. Asiyejijua anachokitaka ana nafuu kwenye aina ya pili. Jihadhari tu na mchepuo uliopo kwenye karatasi na usiofunguliwa kwa kuwa waliouomba ni wachache: mwanafunzi anafika mwaka wa pili anaambiwa achague chengine. Ofisi haitakwambia hilo kwa hiari yake. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu atakwambia kabla hujamaliza kuuliza.

Jambo linalosahaulika kabisa na wanaochagua kati ya Unguja na Bara ni sheria. Nchi ni moja, lakini biashara ya Zanzibar inaendeshwa kwa vitabu viwili. Kodi ya mapato ni ya Muungano na inakusanywa na TRA pande zote. Kodi ya ongezeko la thamani na tozo nyingi za ndani upande wa Zanzibar ziko kwa Mamlaka ya Mapato Zanzibar (ZRA), kwa sheria zilizopitishwa na Baraza la Wawakilishi. Kampuni ya Bara inasajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara wa huko. Ya Zanzibar inasajiliwa kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali, chini ya sheria yake ya makampuni ya 2013. Ununuzi wa serikali nao una sheria tofauti. Karafuu inanunuliwa na shirika moja tu la serikali, ZSTC, jambo ambalo mwalimu wa masoko wa Bara hana sababu ya kulifundisha.

Kwa hiyo uliza chuo cha Bara: somo la kodi linagusa ZRA hata kidogo? Na uliza cha Unguja kinyume chake: mhitimu wao anaijua BRELA na sheria ya makampuni ya Bara ya 2002? Anayekusudia kufanya kazi hoteli ya Nungwi, Shirika la Bandari au ofisi ya ukaguzi ya mjini atatumia upande wa Zanzibar kila siku. Anayetaka benki yenye matawi Mwanza na Arusha atatumia upande wa Bara. Kwa maoni yetu hii ni hoja nzito kuliko umaarufu wa chuo, na ni hoja ambayo mara nyingi inakipa chuo cha nyumbani ushindi. Aliyesoma Bara akarudi hujifunza vitabu vya huku kazini, kwa makosa, na makosa ya ritani, zile taarifa za kodi, yana faini.

Kama unaelekea kwenye benki, tazama pia kama kuna somo la fedha za Kiislamu lenye mikataba ya murabaha (kuuziana kwa faida inayojulikana), mudharaba na musharaka (ubia) ndani yake, au ni mada moja iliyobandikwa mwisho wa somo la benki. Benki ya Watu wa Zanzibar ina huduma za Kiislamu kupitia PBZ Ikhlas, na Zanzibar si mahali pa kuingia kwenye mahojiano ya benki bila ya kujua tofauti ya faida na riba kwenye mkataba. Na tafuta somo la programu za hesabu: Excel kwa kiwango cha kazi, pamoja na Tally au QuickBooks. Somo linaloitwa tu "utangulizi wa kompyuta" halitoshi. Litakufundisha kufungua faili.

Kampasi ipi hasa?

Barua ya udahili ina jina la chuo kwa herufi kubwa na jina la kampasi kwa herufi ndogo. Soma hizo ndogo. SUZA, iliyoanzishwa kwa sheria ya 1999, ina kampasi kadhaa Unguja na nyengine Pemba. Makao makuu yako Tunguu, lakini skuli ya biashara ilitokana na Chuo cha Uongozi wa Fedha cha Chwaka kilichounganishwa na SUZA, na Chwaka iko pwani ya mashariki, barabara nyengine kabisa na ya Tunguu. Anayepanga chumba Tunguu kwa kudhani ndiko atakakosomea ajihakikishie kwanza. Chuo Kikuu cha Zanzibar, cha binafsi na kilichoanza 1998, kiko Tunguu. Vyuo vya Bara navyo vina matawi: Mzumbe ina kampasi kuu nje ya mji wa Morogoro na nyengine Dar es Salaam, na maisha ya sehemu hizo mbili hayafanani kwa bei wala kwa utulivu.

Piga simu ofisi ya udahili uulize: mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu wa programu hii, vyote vinasomwa kampasi hiyo hiyo? Wakati mwengine jibu ni hapana.

Mfanyakazi asiyeweza kuacha kazi, au mama mwenye watoto wadogo, aangalie pia Chuo Kikuu Huria, kinachofundisha kwa masafa na kina vituo Unguja na Pemba. Ada yake hulipwa kwa somo. Kinataka nidhamu ambayo wengi wetu hatuna, lakini kwa mwenye nayo kinamaliza mjadala wote wa nauli na dahalia.

Hesabu ya mwaka mzima

Watu hulinganisha ada na ada, wakathibitisha kile chenye ada ndogo. Ndiyo njia ya haraka ya kukwama mwaka wa pili. Hesabu mwaka mzima, kwa muhula wa wiki 17 mitihani ikiwemo, yaani wiki 34. Mfano huu umetumia tarakimu za kupangia tu; weka za barua yako na za soko la leo.

Tuseme chuo cha Bara kina ada ya shilingi 1,200,000 na cha Unguja 1,500,000. Kila kimoja kina michango ya 150,000: usajili, mitihani, kitambulisho, serikali ya wanafunzi, bima ya afya, na ile 20,000 ya TCU ya kila mwaka. Mwanafunzi wa mjini Unguja anayekwenda Bara atalipa chumba 60,000 kwa miezi 10, ambayo ni 600,000. Chakula 6,000 kwa siku 270, ambayo ni 1,620,000. Boti mara nne kwa 35,000, ambayo ni 140,000. Na gari za mjini kama 300,000. Jumla 4,010,000. Akibaki kwao: ada na michango 1,650,000, nauli ya daladala 2,000 kwa siku 170 ni 340,000, chakula cha mchana 3,000 kwa siku hizo ni 510,000. Jumla 2,500,000. Chuo chenye ada kubwa kwa laki tatu kimekuwa rahisi kwa zaidi ya milioni moja na nusu kwa mwaka.

Sasa fanya hesabu hiyo hiyo kwa mtoto wa Wete au Mkoani. Yeye akija Unguja naye ni mgeni: chumba karibu na chuo 500,000, chakula 5,000 kwa siku 270 ni 1,350,000, boti 140,000. Pamoja na ada na michango ni 3,640,000. Tofauti na Bara imebaki 370,000 tu. Kwa Mpemba, basi, bei haiamui. Anarudi kwenye orodha ya masomo, na ana uhuru wa kuchagua ambao mwenzake wa mjini hana.

Kuna wanaosema atakaa kwa ami yake. Inapunguza kodi, ni kweli, na hakuna ubaya. Lakini ihesabu kwa haki: anayekaa kwa watu hachangii pesa tu, anachangia muda. Kama nyumba iko Bububu na chuo kiko Chwaka, na jioni kuna watoto wa kuwasomesha na duka la kukalia, saa za kusoma zinabaki za usiku wa manane. Ulizia dahalia ya chuo mapema. Nafasi hazitoshi na mara nyingi mwaka wa kwanza na wasichana hutangulizwa.

Gharama zinazosahaulika: kompyuta mpakato, uchapaji wa kazi za vikundi, suti moja ya mawasilisho, na miezi ya mafunzo kwa vitendo ambayo unaishi bila ratiba ya chuo lakini unakula vile vile.

Mkopo

Mzanzibari ana milango miwili: Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar (ZHELB) na bodi ya Muungano, HESLB. Soma miongozo yote miwili kabla ya kuthibitisha chuo, kwa sababu vipaumbele vya fani vinatofautiana na programu moja kati ya zako mbili inaweza kuwa na nafasi nzuri zaidi. Usipange kula sahani mbili. Mkopo ni wa upande mmoja. HESLB hukopesha kwa vipengele, ada mbali, chakula na malazi mbali, na asilimia ya kila kipengele hutegemea hali ya familia, kwa hiyo kupata mkopo si kupata wote. Marejesho yao ni asilimia 15 ya mshahara kila mwezi. Wapo wanaouogopa mkopo huo kwa ajili ya ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani. Iliondolewa mwaka 2021.

Bumu, yaani pesa ya kujikimu ya mkopo, huchelewa. Hata aliyepangiwa mkopo kamili afike na chakula cha miezi miwili na kodi ya mwanzo mkononi. Chuo kinachomzuia mwanafunzi kujisajili mpaka alipe sehemu ya ada wakati mkopo bado haujaingia, na kinachomruhusu kwa barua, ni vyuo viwili tofauti kabisa kwa mtoto wa masikini. Uliza sera hiyo kwa maandishi.

Na majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mohammed, cha kidato cha nne kinasema Moh'd, kitambulisho cha Mzanzibari kinasema Mohamed. Fatma, Fatuma na Fatima ni hivyo hivyo. Maombi ya mkopo yanataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii kwa upande wa Zanzibar, na tofauti ya herufi moja inaweza kurudisha faili. Shughulikia mapema kwa hati ya kiapo au ya kubadili jina, kabla dirisha halijafunguliwa. Likishafunguliwa foleni inafika nje.

Siku moja chuoni

Kama unaweza, nenda siku ya kazi, katikati ya muhula, saa nne asubuhi. Siku ya maonesho haisemi kweli. Kama chuo kiko Bara na hutaweza kwenda, mtume jamaa na umpe maswali haya yaliyoandikwa.

Ingia maabara ya kompyuta uhesabu zinazowaka, si zilizopo. Ingia maktaba, vuta kitabu cha uhasibu wa fedha uangalie mwaka wa toleo. Viwango vya uhasibu vya kimataifa vinabadilika, na kitabu cha miaka 20 nyuma kinafundisha mikataba ya ukodishaji kwa namna isiyotumika tena tangu kiwango cha IFRS 16 kilipoanza 2019. Simama kwenye ubao wa matangazo. Ratiba inayobandikwa juu ya ratiba nyengine mara tatu ni dalili ya wahadhiri wa muda wanaokuja wakipata nafasi. Hao si wabaya. Mkaguzi wa hesabu anayefundisha Jumamosi anaweza kuwa mwalimu bora kuliko wote. Tatizo linakuja pale masomo yote ya mwaka wa tatu yanapowategemea wao, vipindi vikarundikwa wiki mbili kabla ya mtihani.

Kisha kaa na wanafunzi wa mwaka wa pili na wa tatu. Wa mwaka wa kwanza bado anafurahia. Waulize matokeo ya muhula hutoka baada ya wiki ngapi. Somo lenye sapu (mitihani ya marudio) nyingi ni lipi na kwa nini. Kati ya walioanza, wangapi wamekeri (wamebeba somo walilofeli hadi mwaka unaofuata) au kudisko (kuondolewa masomoni). Kazi za muhula ni asilimia ngapi ya alama. Mgao wa kawaida ni 40 za kazi za muhula na 60 za mtihani. Anayeogopa mtihani mmoja mkubwa anafaa zaidi pale ambapo kazi za muhula zina uzito. GPA ni ya 5.0: daraja la kwanza linaanzia 4.4, la pili juu 3.5, la pili chini 2.7. Tangazo la kazi likitaka 3.5, sapu mbili za takwimu mwaka wa kwanza zinakutafuta mpaka mwisho.

Ulizia pia mwezi wa Ramadhani. Huku ratiba huelekea kuufuata mwezi; Bara vipindi na majaribio yanaendelea kama kawaida, na wa mwaka wa kwanza anayefuturu peke yake chumbani baada ya jaribio la saa kumi na moja hajisikii vizuri. Si sababu ya kukataa chuo, ila ni vizuri kujua.

Mafunzo kwa vitendo

Programu nyingi zina wiki nane hivi za field, kawaida wakati wa likizo ndefu. Swali la kuuliza ni moja tu: nafasi anatafuta nani? Kwenye chuo kimoja unapewa barua isemayo "kwa yeyote anayehusika" na kuambiwa kila la heri. Kwenye chengine kuna mratibu mwenye orodha ya taasisi zinazopokea, na mhadhiri anakuja kukukagua kazini. Barua ya kwanza inakufanya uzunguke Mlandege na Darajani wiki tatu kati ya zile nane.

Zanzibar ina faida yake hapa, kwa kuwa mji ni mdogo na ofisi zinajuana: PBZ, mfuko wa hifadhi ya jamii (ZSSF), ZRA, bandari, hoteli, maeneo huru ya Fumba, na kwa Pemba ofisi za Chake Chake na vituo vya karafuu. Likizo ndefu inaangukia msimu wa wageni, kwa hiyo idara ya hesabu ya hoteli ina kazi nyingi na utashika vocha na usuluhishi wa benki kwa mikono yako, ingawa mtu wa kukaa nawe kukueleza utampata kwa shida. Dar es Salaam ina makampuni makubwa zaidi, ya ukaguzi hasa, na washindani wengi zaidi kwa kila kiti. Mwenye kuota kazi kwenye kampuni kubwa ya ukaguzi ana sababu ya kweli ya kuvuka. Hiyo tunaikubali bila ubishi.

Kuthibitisha

Ukishaamua, usisubiri siku ya mwisho, mifumo huzidiwa. Aliyechaguliwa zaidi ya chuo kimoja hutumiwa na TCU namba ya siri kwa ujumbe wa simu. Ingia kwenye akaunti uliyoombea ya chuo unachokitaka, weka namba hiyo, thibitisha, kisha piga picha ukurasa unaosema umethibitishwa. Ujumbe usipofika, kwenye akaunti hiyo hiyo kuna sehemu ya kuomba utumwe tena. Ukibadili nia dirisha likiwa bado wazi unaweza kubatilisha na kuthibitisha chengine. Likishafungwa, njia inayobaki ni uhamisho, na unahitaji nafasi iliyo wazi pamoja na sifa za programu mpya.

Wanaokosa namba hiyo wengi wana sababu moja: maombi yalijazwa steshenari, na namba ya simu iliyoandikwa ni ya kijana wa steshenari, au ni laini ya kaka ambayo imeshafungwa. Ingia leo uangalie namba iliyomo. Kama si yako, ibadilishe kwenye wasifu wako, na mfumo ukikataa, ipigie ofisi ya udahili ukiwa na namba yako ya mtihani wa kidato cha nne mkononi, kwa sababu ndiyo ya kwanza watakayokuuliza.